Uliza Leseni Kabla ya Tiba
Hotuba ya ofisa wa habari wa kaunti kwa wananchi wa Fort Ternan



Mtu akipata kiharusi, dawa humwokoa, lakini kazi nyingine hubaki: kufunga vifungo vya shati, kushika kikombe, kurudi kuchuma chai. Anayemfundisha hayo upya ni mtaalamu wa okupesheno therapi; hospitalini mtasikia akiitwa OT. Humsaidia pia mtoto aliyechelewa kukaa au kushika kijiko.

Tangu 2017 kuna sheria ya Bunge kuhusu mafunzo, usajili na leseni za wataalamu hawa, chini ya baraza lao la kitaifa. Wenzao wa fiziotherapi wana sheria yao, ya 2014. Kusajiliwa ni jambo moja, leseni ni jingine. Kwa hivyo mtu akija nyumbani kunyoosha mkono wa mzee kwa malipo, mwombeni vyote viwili, na someni tarehe ya leseni. Koti jeupe hata mimi naweza kununua.

Hapa wengi huchanganya. Kaunti huajiri wataalamu na kuendesha hospitali zake, lakini haitoi leseni. Hospitali yetu ikikosa mtaalamu, tuulizeni sisi, tena kwa sauti. Mtu akitibu bila leseni, hilo ni kosa kisheria. Pelekeni habari kwa baraza hilo na kwa polisi.

Mazoezi mliyofundishwa kufanyia nyumbani, endeleeni nayo. Mama hahitaji leseni kumsaidia mwanawe kushika kijiko.