Samaki Wanaohema Alfajiri

Leo na tuzungumze juu ya bwawa.

Hapa Tongaren tulifuga tilapia. Mwezi wa Julai mawingu yalitanda siku nyingi. Alfajiri tuliwakuta samaki wamejaa juu ya maji, vinywa wazi. Tulifurahi, tukasema, "Wana njaa!" Tukawatupia chakula zaidi. Siku ya tatu walielea, matumbo juu.

Baadaye tulifundishwa. Mimea midogo ya majini hutoa oksijeni kwa nuru ya jua. Usiku nuru hakuna, lakini samaki, mimea, na samadi na chakula kinachooza huendelea kuitumia. Mawingu yakidumu, akiba huisha kabla ya mapambazuko. Katika nchi za baridi, theluji juu ya barafu huzuia nuru, na samaki wa maziwa ya kina kifupi hufa vivyo hivyo. Hata katika Ziwa Victoria, upande wa Kisumu, mwishoni mwa 2022 samaki wengi wa vizimba walikufa kwa kukosa oksijeni.

Ndugu zangu, samaki wetu hawakuomba chakula, waliomba hewa. Je, katika ushirika wetu hakuna anayehema? Mama aliyefiwa huja kanisani, nasi twamwongezea kazi na michango, tukidhani amechangamka. Tusimtupie maneno kutoka ukingoni. Twende kwake, tuketi, tumsikilize, tumpunguzie mzigo. Wala tusingoje siku ya tatu.

Mungu atufumbue macho. Amina.