Mgeni Rasmi Aliyeikunja Hotuba

Itifaki ilimalizwa kwa pumzi moja: Mheshimiwa Meya, viongozi wa sekta, viongozi wa dini, wanaushirika, "na wengine wote kwa vyeo vyenu". Hotuba aliyoandikiwa mgeni rasmi ilihusu bei ya asali. Aliisoma hadi aya ya pili, akaikunja na kuitia mkobani. Wafugaji nyuki waliojaa ukumbini Kamembe, Rwanda, wakapiga makofi.

Alikuja na la kwake. Ubongo wa nyuki, alisema, ni mdogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Una seli za neva zisizofika 1,000,000. Wa binadamu una takriban bilioni 86. Hata hivyo nyuki hutoka mzingani, akavuka mashamba ya chai hadi ukingoni mwa msitu wa Nyungwe, na kurudi kwake. Mwelekeo anaupata kwa jua. Umbali anaukadiria kwa jinsi vitu vinavyompita machoni. Akifika, anawachezea wenzake gizani juu ya sega: pembe ya mchezo inaonyesha maua yako upande gani wa jua, na kadiri anavyotikisa tumbo kwa muda mrefu, ndivyo yalivyo mbali. Karl von Frisch, aliyelifumbua fumbo hilo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

"Na nyinyi wenye bilioni 86 bado mnaniuliza njia ya Bugarama!" Ukumbi ukacheka.

Kisha akageukia mibuni. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kafeini, ambayo imo hata kwenye nekta ya maua ya kahawa, humwongezea nyuki kumbukumbu ya harufu. Lakini mwaka mmoja kabla, watafiti wa Ufaransa walikuwa wamegundua kwamba kiasi kidogo tu cha dawa ya kuua wadudu iitwayo thiamethoxam kinatosha kuwapoteza nyuki wengi njia ya mzingani.

"Kunguni wa kahawa ni adui, sikatai, ndiye anayetuletea ladha ya kiazi kikombeni. Ila wewe, baba, unayepulizia saa nne asubuhi mbuni umechanua, unamuua nani? Ngojeni maua yaishe, mpulizie jioni, nyuki wamelala."

Wafugaji waliomba mizinga ya kisasa na mavazi ya kurinia. Mgeni rasmi akajibu: "Ombi tumelipokea. Tutalifikisha kwa wahusika, na muda si mrefu mtasikia."

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza kama huo muda si mrefu ni kabla au baada ya mvua. Mshereheshaji akatangaza picha ya pamoja.