Lafudhi Kizimbani: Uzito wa Ushahidi wa Lugha Katika Mpaka wa Ngara na Biharamulo



Mwezi Julai mwaka 2013, Rais Jakaya Kikwete, akiwa katika ziara ya Mkoa wa Kagera, aliwapa wahamiaji haramu muda wa wiki mbili waondoke nchini kwa hiari yao. Mwezi Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu walivuka mpaka, wengine wakiwa na ng'ombe na vyombo, wengine mikono mitupu. Mashirika ya haki za binadamu yaliripoti kwamba miongoni mwao walikuwamo watu waliozaliwa Tanzania na wengine waliokuwa na wake au waume Watanzania. Malalamiko ya namna hiyo yalikwisha kusikika katika mkoa huohuo wakati wa ufukuzaji wa mwaka 2006.

Mhadhara huu hauhusu sera ya uhamiaji. Kila dola ina haki ya kujua nani yumo mipakani mwake. Unahusu jambo lililo jembamba zaidi. Kauli "Huyu si Mtanzania" ni dai. Kama madai yote, lina njia zake za kuthibitishwa na kiwango chake cha ushahidi. Na katika wilaya za Ngara na Biharamulo, ushahidi wa kwanza kumfikia msikilizaji, kabla ya hati yoyote kutolewa mfukoni, ni lafudhi ya msemaji. Je, ushahidi huo una uzito gani?

Neno lenyewe linafaa kuangaliwa. *Shahidi* limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuhudhuria na kuona kwa macho. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 imeshika maana hiyohiyo: ushahidi wa mdomo sharti uwe wa mtu aliyeona au kusikia mwenyewe jambo analolieleza. Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 143, inasema kwamba haihitajiki idadi maalumu ya mashahidi ili kuthibitisha jambo lolote. Shahidi mmoja aweza kutosha. Kumi waweza wasitoshe. Basi wingi si kipimo, na hapo ndipo msikilizaji wa lafudhi anapoanza kupotoka, kwa kuwa lafudhi humpa dalili nyingi kwa mara moja, naye hudhani kwamba nyingi maana yake ni nzito.

Tuchukue mfano. Mtu anatamka *kurara* badala ya *kulala*. Anaziwekea nomino za Kiswahili irabu ya mwanzo ambayo Kiswahili hakina. Toni zake zinapanda na kushuka kwa namna ambayo mtu wa Tanga ataiona ngeni. Msikilizaji anahesabu dalili tatu na kuhitimisha kwamba msemaji ametoka Burundi au Rwanda. Hesabu ni sahihi, hitimisho si sahihi. Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu wa mwaka 1948, aliweka Kinyarwanda, Kirundi, Kishubi, Kihangaza na Kiha katika kundi moja, yaani D60. Kihangaza na Kishubi ni lugha za wenyeji wa Ngara. Mhangaza anayezungumza na Mrundi hahitaji mkalimani. Kwa hiyo dalili zote tatu zinatarajiwa kwa Mrundi, na zinatarajiwa vilevile kwa Mhangaza ambaye babu yake amezikwa Rulenge. Dalili inayotarajiwa sawasawa pande zote mbili za shauri haiongezi chochote upande wowote, hata ikirudiwa mara mia.

Tena dalili hizo tatu si mashahidi watatu. Zote zinatoka katika chanzo kimoja, yaani lugha ya kwanza ya msemaji. Wanazuoni wa hadithi walilielewa jambo hili karne nyingi kabla ya isimu ya kisasa: habari haihesabiwi kuwa *mutawatir* kwa sababu tu imesimuliwa na wengi, bali kwa sababu njia zake ni nyingi na zimeachana kiasi kwamba haiwezekani wote kuwa wamekubaliana juu ya uongo. Wasimulizi ishirini waliosikia kwa mtu mmoja ni msimulizi mmoja. Dalili za lafudhi ndivyo zilivyo.

Kwamba lugha hizi zimekaa pande mbili za mpaka si ajabu, kwa kuwa mpaka ndio uliozikuta hapo. Bugufi, ambayo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi hadi ilipokatwa na kubakizwa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Upande wa kaskazini, Gisaka ilikabidhiwa Waingereza kwa muda, kisha ikarudishwa Rwanda chini ya Wabelgiji katika miaka ya 1920. Mtu angeweza kulala chini ya dola moja na kuamka chini ya nyingine bila kutoka nyumbani, na lahaja yake isibadilike hata sauti moja.

Biharamulo ina sura tofauti kidogo. Huko Kizinza ni jamaa ya Kihaya, katika kundi E la Guthrie, na wahamiaji wengi wa Kisukuma wameingiza lugha yao. Kwa hiyo msemaji wa lugha ya D60 huonekana zaidi, na kishawishi cha kumwita mgeni huwa kikubwa zaidi. Lakini Wasubi ni wenyeji wa eneo hilo, na John Hanning Speke alipopita mwaka 1861 aliukuta ufalme wa Usui chini ya Suwarora. Historia hiyo haimthibitishii mtu fulani uraia wake. Inaonyesha tu kwamba msikilizaji anapaswa kujua ni nani wengine wanaozungumza hivyo katika eneo hilo kabla ya kusema kwamba mtu anazungumza kigeni.

Atauliza msomi: Je, hakuna dalili ya lugha inayotenganisha kweli? Ipo, na ni vyema kuitendea haki. Mipaka ya dola hujitokeza katika msamiati wa shule na ofisi kuliko katika sauti. Aliyesoma Tanzania husema *daftari* na *ofisi*. Aliyesoma Burundi au Rwanda huwa na *ikaye* na *ibiro*, yaliyotoka katika Kifaransa. Hapa kuna tofauti halisi: neno *ikaye* linatarajiwa sana upande mmoja na kidogo mno upande wa pili. Mwanaisimu angefurahi kuishia hapo.

Lakini historia ya Ngara haimruhusu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wanaokadiriwa kufikia 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban saa 24, na kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko miji mingi ya nchi. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, lakini Warundi waliendelea kukaa katika kambi ya Lukole kwa zaidi ya muongo mmoja. Shule za kambini zilifuata mtaala wa Burundi. Mtoto aliyezaliwa Lukole aliweza kufikia umri wa kubalehe bila kukanyaga ardhi ya Burundi, na bado akaliita daftari lake *ikaye*. Na mtoto wa mkimbizi aliyesoma katika shule ya kijiji jirani alisema *daftari*. Ndiyo kusema, hata dalili iliyo bora kuliko zote inashuhudia shule, haishuhudii mahali pa kuzaliwa, sembuse uraia.

Jambo hili si la Ngara peke yake. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni walioomba hifadhi Ulaya walipimwa kwa Kibajuni chao, nacho ni lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa pande zote za mpaka wa Kenya na Somalia. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu kutoka nchi mbalimbali lilitoa mwongozo kuhusu uchunguzi wa namna hiyo. Msimamo wake ni kwamba lugha yaweza kuonyesha mtu alilelewa katika jamii gani ya wasemaji, lakini haiwezi kwa uhakika kuamua uraia wake. Na kwamba kuizungumza tu lugha fulani hakumfanyi mtu kuwa mtaalamu wa kuitolea ushahidi.

Kama lugha haitoshi, nini kitatosha? Kwa mujibu wa sheria ya uhuru wa Tanganyika, aliyezaliwa nchini kabla ya tarehe 9 Desemba 1961 alikuwa raia ikiwa mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa nchini. Kwa hiyo mjukuu wa leo huweza kutakiwa aonyeshe mahali alipozaliwa mtu wa miaka ya 1930. Hata mwaka 2010, ni takriban asilimia 16 tu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano waliokuwa wameandikishwa vizazi vyao. Baada ya sensa ya 1967 watu hawaulizwi tena kabila. Kukosekana kwa hati, basi, si dalili ya ugeni. Ni hali ya kawaida ya raia.

Kinachobaki ni vipande vidogo: rejista ya ubatizo ya misheni, kadi ya kliniki, kitabu cha mahudhurio cha shule, kaburi, kauli ya wazee. Kila kimoja ni dhaifu. Nguvu yake hupatikana pale ambapo aliyeandika rejista hakumjua aliyejaza kadi. Kauli ya wazee nayo ipimwe hivyohivyo, kwani jirani mwenye mgogoro wa shamba na mtuhumiwa ni shahidi mwenye faida katika shauri.

Halafu kuna mzigo wa kuthibitisha. Kifungu cha 110 cha Sheria ya Ushahidi kinaubebesha mwenye kudai. Watetezi wa upande wa pili hujibu kwamba mambo anayoyajua mtu peke yake, kama vile ukoo wake, ayathibitishe yeye. Hoja yao si dhaifu. Ila inachukulia kwamba mtu anajua alikozaliwa bibi yake kwa namna ambayo ofisi itaikubali, na vijijini Ngara dhana hiyo haisimami. Pia makosa mawili yanayowezekana hapa hayalingani. Mgeni aliyebaki kimakosa aweza kuchunguzwa tena mwakani. Raia aliyevushwa Rusumo kimakosa hukuta shamba lake limelimwa na mwingine.

Mwanaisimu akiitwa kutoa ripoti juu ya msemaji wa aina hii, anaweza kuandika kwa dhamiri safi sentensi mbili: kwamba msemaji amelelewa miongoni mwa watu wanaotumia lugha ya kundi la D60, na kwamba istilahi zake za shule ni za mfumo wa Tanzania au wa Burundi. Chini yake, katika fomu, huwa kuna nafasi iliyoandikwa "Uraia". Hiyo aiache wazi.