Ufunguo Usiosafiri



Wengine watawausia ninyi wahitimu wa fani ya kompyuta juu ya mustakabali; mimi nimehiari kusema juu ya kazi moja ambayo aghalabu hukabidhiwa kijana katika juma lake la kwanza, nayo ni kupeleka mafaili ya tovuti kwenye seva ya mbali, ambayo hajapata kuiona na huenda asiione kamwe.

Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Ufini, iligunduliwa programu iliyopachikwa katika mtandao ili kunasa maneno ya siri, na kwa kuwa zama zile maneno hayo yalisafiri wazi, kama kadi ya posta isomwayo na kila tarishi, yalivunwa kwa wingi. Ndipo Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo hicho hicho, alipobuni SSH, njia ya kuingia kwenye seva ya mbali kwa mawasiliano yaliyofumbwa, ambayo hata leo hubisha hodi katika mlango namba 22 wa seva.

Hekima ya SSH imo katika jozi ya funguo, zizalishwazo kwa amri ya ssh-keygen: ule wa hadharani huandikwa huko kwenye seva, katika faili la authorized_keys, ilhali wa siri husalia kwenu, na seva ikitaka yakini, kompyuta yenu hutia sahihi ambayo seva huihakiki, pasipo siri yenyewe kuvuka mtandao hata mara moja. Kisha programu ya rsync, ikipita katika njia hiyo ya SSH, hupeleka yale yaliyobadilika tu, hata usiku wa manane, bila ya mtu kuamshwa aandike neno la siri.

Raha hii ina dhamana yake. Seva ikibaini kwamba wengine waweza kuandika katika folda ya .ssh, huukataa ufunguo bila ya kumweleza anayeingia sababu, na mahodari hupoteza mchana kutwa wakiulaumu mtambo usio na taksiri. Basi folda ipeni ruhusa ya 700, na faili la authorized_keys 600. Mkiulizwa mara ya kwanza kama mwaitambua alama ya utambulisho ya seva, msijibu kabla ya kumwuliza mwenye seva. Ufunguo wa siri nao utieni neno lake la siri. Na ule wa kazi za usiku, usioweza kuwa nalo, upeni madaraka ya folda moja tu.

Wafanyakazi huondoka, lakini funguo zao hazifutiki zenyewe. Mkifika kazini, lifungueni faili lile la authorized_keys, msome mstari baada ya mstari, na mwulize kila jina lililomo ni la nani.