Chokaa Iliyoshika Kanisa na Msikiti: Urithi wa Ujenzi wa Mawe Kisiwani Mombasa



Hoja yangu jioni hii ni moja, nami naitaja mapema mpate kuipima. Urithi wa majengo ya kale ya Mombasa haumo ndani ya mawe peke yake. Umo mikononi mwa fundi wa chokaa. Ujuzi huo ukipotea, hakuna tangazo la serikali wala kibao cha UNESCO kitakachousimamisha ukuta. Naanzia kwenye kanisa ambalo halipo tena.

Ukiingia Ngome ya Yesu, au Ngomeni kama tusemavyo wenyeji, utakuta uwanjani misingi ya kanisa la Wareno. Wageni wengi huipita wakikimbilia mizinga. Ngome yenyewe iliwekewa msingi tarehe 11 Aprili 1593, zama za Philip II wa Uhispania, ambaye wakati huo alikuwa pia mfalme wa Ureno. Ndiyo maana buruji mojawapo inaitwa São Filipe. Ramani ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano. Mwaka 1597 watawa wa Augustino wakafungua nyumba yao mjini. Kwa hiyo amri ilitoka Ulaya na hesabu zilikuwa za Kitaliano, lakini jiwe lilikuwa la hapa. Ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huohuo ulichongwa ukawa handaki.

Historia ya utawala haikuistahi ngome hiyo wala kanisa lililokuwa ndani yake. Agosti 1631 Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni na kumuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Mwaka uliofuata aliiacha ngome na kutokomea baharini. Wareno walirudi, na maandishi ya mwaka 1635 juu ya lango yanamsifu Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuitengeneza upya. Kisha ukaja mzingiro wa Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Baadaye Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela, tangu 1895 hadi 1958, ndipo mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuichimba kwa ajili ya makumbusho.

Sasa tuinamie ukuta wa aina hii tuutazame kwa karibu. Mawe yake hayana umbo moja. Ni vipande vya matumbawe ya nchi kavu, vyepesi kuliko vinavyoonekana, vyenye matundu na alama za viumbe vya bahari. Kinachovishikanisha ni chokaa na mchanga. Chokaa ya kienyeji huchomwa juu ya lundo la kuni, kwa hiyo mara nyingi hubaki na chembe nyeusi za mkaa. Ukiziona ujue hapo palipita mchomaji aliyepanga magogo, akaweka mawe juu, akauwasha moto na kuulinda usilegee.

Tutoke ngomeni tuingie Mji wa Kale hadi Msikiti wa Mandhry, unaokadiriwa kujengwa mnamo 1570, zaidi ya miaka ishirini kabla ya ngome. Mnara wake mnene unapungua unavyopanda, na kuta zake ni za matumbawe na chokaa. Ufundi huu basi haukuletwa na Wareno. Waliukuta pwani. Miji ya Gedi na Kilwa ilikuwa imejengwa hivyo karne kadhaa kabla meli ya Vasco da Gama haijaonekana mwaka 1498. Hata kanisa dogo la Wareno pale Malindi, lenye paa la makuti, lina kuta za matumbawe. Kanisa lilielekea altare na msikiti ukaelekea kibla, lakini vyote viwili vilisimama kwa elimu ileile ya pwani. Hili nalisema kwa fahari.

Elimu hiyo ina sayansi yake. Jiwe la matumbawe likichomwa kwa moto wa takriban nyuzi 900 za Selsiasi hutoa hewa ya kaboni. Likitiwa maji huchemka na kuwa chokaa laini. Ikishapakwa ukutani, chokaa huivuta tena hewa ile polepole na kurudi kuwa jiwe. Lipu hiyo inapumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini na chumvi ya bahari hupata njia ya kutoka. Lipu huchakaa, ukuta ukasalimika. Nayo ikichakaa hupakwa nyingine. Lipu kama hiyo ndiyo iliyotuhifadhia pia michoro ya watu, meli na samaki iliyochorwa na Wareno ngomeni kwa rangi nyeusi na nyekundu.

Saruji haifanyi hivyo. Ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu vizuri. Ukiipaka juu ya ukuta wa kale, chumvi hukusanyika nyuma yake na kuwa fuwele, na jiwe likaanza kumung'unyuka ndani kwa ndani. Kwa nje nyumba inapendeza. Baada ya miaka kadhaa lipu hubanduka mapande kwa mapande, ikiondoka na ngozi ya ukuta.

Msiba huu si wetu peke yetu. Jimboni New Mexico, Marekani, liko kanisa la San Francisco de Asís, Ranchos de Taos, lililokamilika mapema karne ya 19 kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, kwa mtindo wa Wahispania. Mwaka 1967 lilipakwa lipu ya saruji ili waumini wapumzike na kazi ya kulikandika kila mara. Maji yakanaswa ndani, matofali yakalainika. Mwaka 1979 saruji ikabanduliwa, udongo ukarudi, na hadi leo waumini hukutana kila mwaka kulikandika kanisa lao kwa mikono. Walielewa kuwa kazi ile iliyowachosha ndiyo iliyokuwa uhai wa jengo.

Sisi sheria tunayo. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, ipo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, na Ngome iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Lakini mwenye nyumba ambaye paa lake linavuja mvua ya masika hanunui sheria dukani. Hununua mfuko wa saruji, kwa kuwa uko karibu na kila fundi kijana anaujua. Simlaumu. Tumempa katazo bila kumpa chokaa.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kazi ya chokaa kwa cheti kinachotambulika, na wazee wanaoijua waalikwe kama walimu na kulipwa kama walimu. Pili, pawe na bohari ya chokaa iliyoiva hapa kisiwani, iuzwe kwa bei ambayo mwenye nyumba wa mtaa wa Kibokoni au Kuze ataimudu. Ichomwe kutokana na mawe ya nchi kavu, miamba hai ya baharini iachwe ilee samaki. Tatu, kila msikiti, kanisa na nyumba ya kale iwe na ratiba ya kupakwa lipu, na gharama yake ihesabiwe kama tunavyohesabu maji na umeme.

Wanafunzi wangu, nyinyi mnaosoma ramani na nguvu za majengo, nawaomba mkajifunze pia kwa fundi. Chukueni mwiko, mjue chokaa iliyoiva inavyoteleza na iliyo mbichi inavyopasuka. Ulinzi wa mji huu unahitaji mikono inayojua kazi, na mikono hiyo ianze kuwa yenu mwaka huu, wakati walimu bado wapo.