NJIA YA KUINGIA GHALANI

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Tumepewa heshima ya kusema machache katika siku hii ya furaha, na yamkini wengi wenu mlitazamia kwamba tutawasimulia habari za alizeti na ufuta uliopita ghalani katika miaka hii kumi. Habari hizo zimo katika taarifa ya Mhazini, wala hatuna haja ya kuzirudia. Sisi tumechagua kusema juu ya jambo lililo chini ya miguu yetu, yaani ile njia ya changarawe itokayo barabara kuu mpaka mlango wa ghala. Kila aliyefika hapa leo ameipita, na mgongo wake umekwisha kumpa habari zake.

Katikati pamebonyea kama mtumbwi. Magurudumu yamechimba mifereji miwili, na mvua imeigeuza mifereji hiyo kuwa vijito. Mahali pengine changarawe yote imekwisha kuchukuliwa, umebaki udongo mtupu. Na pengine pamefanyika vituta vidogo-vidogo vya kukingama, vinavyotikisa gari mpaka boliti zikalegea.

Msidhani, Ndugu Wanachama, kwamba twasema juu ya urembo wa kiwanja. Mnunuzi apigapo hesabu ya bei huhesabu pia springi zitakazovunjika na saa zitakazopotea, na gharama hiyo haitoi mfukoni mwake. Huikata katika bei ya kilo. Dereva akikataa kuingia, magunia huchukuliwa mabegani mpaka barabarani, na ujira wa wapagazi humwangukia mkulima. Tena mwezi wa Desemba, wakati mbegu zinapotakiwa shambani, ndipo tope linapoufunga mlango. Basi njia hii ni sehemu ya bei ya mazao yetu, sawasawa na mizani.

Yatupasa kwanza kumjua adui. Watu hulilaumu lori, kwa kuwa lina kishindo na linaonekana. Walakini lori hulimaliza tu jambo ambalo maji yamekwisha kulianza. Hapa Dodoma twapata mvua ya kadiri ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa vishindo vya saa chache. Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Njia yetu ina urefu wa mita 400 na upana wa mita 5, yaani mita za mraba 2,000. Ikinyesha mvua ya milimita 30 mchana mmoja, njia peke yake hupokea lita 60,000, ambazo ni mapipa 300 ya lita 200. Hapo hatujahesabu maji yatokayo mashambani na juu ya mapaa ya maghala. Maji hayo yote yatakwenda mahali. Tusipoyaonyesha njia, yatachukua njia yetu.

Nguvu ya maji hayo wenyeji wa nyanda hizi wanaifahamu. Kule Kondoa mmomonyoko ulikuwa mkali hata Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika, ili nyasi zipate kurudi na kuushika udongo. Na mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliivunja reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Ikiwa chuma na mataruma havikuyaweza maji, changarawe iliyomwagwa bila mpango itayawezaje?

Jambo hili si geni ulimwenguni. Mwaka 1816 Mskoti mmoja, John Loudon McAdam, alipewa kazi ya kusimamia barabara za Bristol huko Uingereza. Wajenzi wengi wa zama zake waliamini kwamba barabara haina nguvu pasipo msingi wa mawe makubwa. Yeye alishikilia kwamba mzigo wote huchukuliwa na udongo wa asili ulio chini, nao huuchukua vema mradi uwe mkavu. Kazi ya tabaka la juu ni kuwa paa la udongo huo. Kwa hiyo aliiinua barabara kuliko ardhi ya kando, akaifunika kwa mawe madogo yaliyovunjwa, ambayo uzito wa kila moja haukuzidi aunsi 6, ndiyo kadiri ya gramu 170, ili yashikamane.

Mgogo mwenye tembe hahitaji kwenda Bristol kulijua hilo. Paa la tembe ni la udongo, na mwenye nyumba hulikagua kabla ya mvua, akaziba nyufa na kuongeza udongo palipobonyea, kwa maana ajua kwamba maji yakituama juu yatashuka ndani. Njia ya changarawe ni paa la tembe lililolazwa chini. Likishika umbo lake, vilivyo chini vitakaa vikavu.

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe. Desturi ya watu wengi, njia inapoharibika, ni kuagiza malori machache ya kifusi na kukimwaga mashimoni. Kwa majuma mawili watu hufurahi. Lakini shimo lililojazwa hivyo hubaki bakuli lililofunikwa. Maji huingia, kifusi hulainika, na gurudumu hukirusha nje. Kazi ya kudumu ina utaratibu wake, na utaratibu huo haupinduliki: kwanza maji, pili umbo, tatu changarawe.

Kwanza ni maji. Mitaro ichimbwe au izibuliwe pande zote mbili, nayo iwe chini kuliko kitako cha njia. Tena mtaro usibebe maji umbali mrefu mpaka yakapata nguvu. Penye mteremko ufunguliwe mchirizi wa kuyatoa kila mita 20 hivi, na ndani ya mtaro vipangwe vizuizi vifupi vya mawe vya kuyapunguza mbio. Nyasi zilizomo mtaroni zifyekwe tu, wala zisilimwe kwa jembe, kwa sababu mizizi yake ndiyo inayoushika udongo. Pale kijikorongo kinapokatisha njia yafaa kuweka karavati lenye upana wa ndani usiopungua sentimita 60, ili mtu aweze kulizibua kwa koleo.

Hapa lipo jambo la ujirani. Maji tunayoyatoa njiani hayana budi kuingia katika ardhi ya mtu. Haifai kulikausha ghala kwa kulichimba korongo shamba la jirani. Kabla mchirizi haujafunguliwa, jirani na aitwe, atazame, tukubaliane naye mahali. Na maji yatawanywe juu ya nyasi, yasimwagwe mahali pamoja. Huenda mwenye majaruba au migomba akayataka maji hayo. Kadhalika, pale njia yetu inapoungana na barabara kuu, tusiuguse mtaro wa barabara pasipo idhini ya mamlaka yake.

Pili ni umbo. Vituta na mashimo vikatwe mpaka mwisho wa kina chake, kwa greda au kwa sururu, kwa maana kituta kilichofunikwa bila kukatwa hurudi. Kisha njia ipewe mgongo, iwe juu katikati na ishuke pande zote mbili. Kipimo chake ni sentimita 5 kwa kila mita moja kutoka katikati kwenda ukingoni. Njia yetu ikiwa na mita 2 na nusu kila upande, katikati patakuwa juu ya ukingo kwa sentimita 12 na nusu. Mgongo ukipungua sana, maji hutuama. Ukizidi, changarawe huoshwa na lori lenye shehena huinama. Vigingi, kamba na pima maji ya fundi mwashi vyatosha kulipima jambo hili.

Kile kipande kipitacho katika udongo mweusi wa mbuga chataka uangalifu wa peke yake. Udongo ule hufura ukilowa na hupasuka ukikauka, na kila mwaka hula kifusi unachopewa. Dawa yake ni kuinua tuta la udongo mwekundu wenye mchanga, kama sentimita 30 au zaidi, na kuweka mitaro mbali kidogo na kitako cha tuta, ili maji yasisimame miguuni pake.

Tatu ndiyo changarawe. Changarawe njema ni mchanganyiko wa vitu vitatu: mawe magumu yenye pembe ya kubeba mzigo, mchanga wa kujaza nafasi, na udongo wa mfinyanzi kidogo wa kuyagandisha. Kokoto za mtoni ni safi kwa macho, lakini ni za mviringo na huteleza zenyewe kwa zenyewe. Mfinyanzi ukikosekana, changarawe hutawanyika na vituta huzaliwa. Ukizidi, njia huwa sabuni wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi. Kabla ya kulipa fedha za machimbo, tutieni konzi chache katika chupa ya maji, tuitikise, tuiache itulie. Mawe na mchanga vitatangulia chini na mfinyanzi utalala juu, nasi tutaona kwa macho yetu tunachouziwa.

Changarawe itandazwe kwa tabaka lisilozidi sentimita 15, nayo ishindiliwe ikiwa na unyevu. Kipimo cha unyevu kimo mkononi: fumba konzi moja kwa nguvu, kisha fumbua. Ikishikamana, inafaa, ikimomonyoka, yataka maji, ikichuruza, ingojwe. Ndiyo maana wakati mwema wa kazi hii ni mara mvua zinapokwisha, mwisho wa Aprili na Mei, ardhi ingali na unyevu na malori ya mavuno hayajaanza kuja. Anayeshindilia katika ukame wa Septemba hana budi kununua maji ambayo mbingu ilimpa bure mwezi wa Aprili.

Je, gharama? Mita 400 kwa mita 5 kwa sentimita 15 ni mita za ujazo 300 zilizoshindiliwa. Kwa kuwa changarawe hupungua inaposhindiliwa, tuongeze theluthi kidogo kasoro. Tutahitaji kama mita za ujazo 390. Lori la mita 5 za ujazo litakwenda safari 78. Tukiona kwamba fedha hazitoshi, tusipunguze unene mahali pote. Tuitengeneze mitaro na mgongo kwa urefu wote, kazi ambayo kwa sehemu kubwa yahitaji mikono yetu, kisha changarawe tuiweke kwanza penye udongo mbaya na penye mteremko. Njia yenye umbo jema na changarawe chache huishi kuliko njia yenye changarawe nyingi isiyo na mitaro.

Ndugu Wanachama, sehemu iliyo ngumu kuliko zote huja baada ya kazi kwisha. Njia ya changarawe huliwa kila siku. Ikipoteza sentimita 1 tu kwa mwaka, njia yetu itataka kiasi cha malori 5 kuirudisha. Kwa hiyo lundo la akiba lisikose kuwapo kiwanjani. Tena vituta vikianza kuonekana, maksai wawili au trekta waweza kukokota tairi kuukuu zilizofungwa pamoja na kuvisawazisha kabla havijakomaa. Shimo dogo likatwe kwa pembe nne mpaka penye udongo mgumu, lilowanishwe, lijazwe tabaka kwa tabaka na kushindiliwa siku ile ile.

Nani atafanya? Wenzetu wa Kenya, katika mpango wao wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974, walimkabidhi mtu mmoja akaaye karibu kipande chake cha barabara, akalipwa kwa siku zake za kazi. Utaratibu huo watufaa. Barabara za wilaya ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, uliowekwa mwaka 2017. Lakini njia iliyo ndani ya ardhi ya Chama ni mali yetu, wala hakuna wakala atakayekuja kuizibua mitaro yake usiku wa mvua.

Basi twaleta mbele ya Mkutano Mkuu mambo matatu. La kwanza, kazi ianze mara mvua za msimu ujao zitakapokwisha, na kila chama cha msingi kipewe kipande chake cha mitaro. La pili, itengwe kila mwaka fedha ya malori matano ya changarawe, isiyoguswa kwa shughuli nyingine hata ikiwa njia yaonekana nzima. La tatu, aajiriwe mtu mmoja wa kuilinda, na Halmashauri iitembee njia pamoja naye kwa miguu mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Novemba na mwezi wa Mei.

Wazee wetu walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Chama hiki kiliwashwa kwa vijinga vingi vidogo, gunia la huyu na debe la yule. Njia hii nayo yangoja jembe la kila mmoja. Twawatakia wote sikukuu njema. Na wakati wa kurudi nyumbani jioni hii, mwelekezeni dereva apite polepole, mkiyatazama maji ya mvua iliyopita yalikopita. Yameacha alama za kutosha kutuonyesha mahali pa kuanzia.