Gari inakataa kuwaka kisha kubadilisha kompyuta

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Kalemie. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tukafupisha kidogo.

 

Komite imeniomba niseme juu ya gari. Siyo gari yote, maana mimi si fundi; kazi yangu ni ya shirika, na kwa sababu ya kazi hiyo nimesimama mara mingi karibu na mafundi wakiwa chini ya kapo, nikiandika ripoti ya kwa nini gari haikufika Nyunzu. Nitasema jambo moja tu: ule ulinzi wa wizi unaokaa ndani ya ufunguo, na shida inayotoka pale mtu akibadilisha piesi.

Mnajua sababu ya kuniomba. Gari ya kikundi cha akiba, ile Toyota ya esansi, imesimama chini ya mwembe tangu miezi. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 iliingia maji mpaka kwenye viti. Waliikausha, ikatembea vizuri, watu wakasahau. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kufika kwenye kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi waliosoma Kifaransa wanaiita kalkilatere na waliojifunza kazi Kigoma wanaiita kontroo boksi. Shaba ikaota ukungu wa kijani, polepole, na siku moja gari ikazima njiani na mama mjamzito ndani.

Fundi alisema kompyuta imekufa. Alisema kweli. Kikundi kikatuma mtu Kigoma, akarudi na boti akiwa na kompyuta ya okazioni, namba za kwenye lebo zinafanana herufi kwa herufi na ile ya zamani. Wakaifunga. Gari ikawaka sekunde moja, ikazima. Tena, sekunde moja, ikazima. Kisha pale ikabadilishwa pampu ya esansi. Kisha plagi zote. Kisha wakaambiwa injini yenyewe imekwisha. Pesa iliyotumika ilikuwa imewekwa kwa ajili ya masomo ya watoto ya mwezi wa 9, na wamama wa kikundi wako hapa, wanaweza kusema wenyewe.

Sasa amekuja kijana anasema atatoa ulinzi wote kwa pesa kidogo, na leo mnataka kupiga kura juu yake. Mbele ya kura, tusikilizane kwanza juu ya kitu chenyewe.

Nianze Marekani, kwa sababu huko jambo hili lilianza kwa namna nyepesi kuielewa, na pia kwa sababu ndugu yetu mmoja aliyehamishiwa huko kutoka kambi ya Nyarugusu ameniandikia shida ileile. Amenunua Chevrolet ya zamani, akabadilisha silinda ya kontakti, na gari imekuwa bubu.

Kampuni ya General Motors iliweka ulinzi huo mara ya kwanza kwenye Chevrolet Corvette ya 1986. Ufunguo ule una kidonge kidogo cheusi kwenye chuma chake. Kile kidonge ni rezista, yaani kitu kinachozuia umeme kwa kipimo fulani. Kulikuwa na vipimo 15 tu, kuanzia omu 400 hivi mpaka karibu omu 12,000. Ukitia ufunguo, umeme unapita kwenye kidonge, kisanduku ndani ya gari kinapima. Kipimo kikiwa chake, gari inawaka. Kikiwa kingine, kisanduku kinakata demarere na esansi, na kinakufungia kama dakika 4 kabla ya kukubali ujaribu tena. Mwizi hana subira ya dakika 4, njo ilikuwa akili yao.

Kwa ndugu yetu wa huko: chukua mita ya umeme, pima kidonge cha ufunguo wako, andika namba. Kisha angalia zile nyaya mbili nyembamba zinazotoka kwenye silinda na kushuka ndani ya nguzo ya usukani. Zinakatika sana, maana zinakunjwa kila ufunguo ukigeuzwa. Mara mingi watu wanalaumu kisanduku kumbe ni waya. Ikiwa gari yako ni ya miaka ya baadaye kidogo, ufunguo hauna kidonge cheusi, basi ulinzi umehamia kwenye silinda yenyewe. Hapo gari inafundishwa upya: geuza ufunguo kama unawasha, ikikataa uache kwenye kontakti mpaka taa ya ulinzi izime, kama dakika 10. Zima. Rudia mpaka zitimie mara 3. Ni nusu saa ya kukaa bure, lakini ni nusu saa isiyo na faktura.

Tuvuke maji turudi kwetu. Toyota hazitumii kidonge cha rezista. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna chembe ndogo, isiyo na betri. Kuzunguka tundu la kontakti kuna pete ya waya. Ukitia ufunguo, pete inaamsha chembe, chembe inajibu namba yake. Namba ile ikiwa imeandikwa kwenye kumbukumbu ya gari, esansi na moto wa plagi vinaruhusiwa. Isipokuwa imeandikwa, demarere inazunguka vizuri kabisa, lakini injini haishiki, ama inashika kidogo na kuzima. Angalieni tofauti hiyo: ile ya zamani ya Marekani haizunguki, Toyota inazunguka na kukudanganya kwamba ni shida ya esansi. Njo maana pampu ilibadilishwa.

Na kumbukumbu ile haifutiki kwa kutoa betri. Nimeona watu wanatoa betri usiku mzima, wanairudisha asubuhi na kuomba Mungu. Haisaidii. Imeandikwa kama vile jina linavyoandikwa kwenye rejista ya serikali, siyo kwenye ubao.

Sisi tuliorudi tunaelewa hili kuliko wengine. Waliotoka Lugufu na boti za HCR, waliotoka Zambia na kushukia Moba, walifika na karatasi safi kabisa, na mtu wa ofisi akawaambia: jina lako silioni. Karatasi haikuwa ya uongo. Rejista tu haikuwa na lile jina. Kompyuta ya okazioni ni nzima, lakini rejista yake iko na majina ya gari nyingine.

Sasa, siyo kila gari iko na ulinzi huu. Zile Land Cruiser ndefu za mashirika, zenye injini ya mazutu ya 1HZ, pampu yake ni ya kimekaniki, haina kompyuta ya injini ya kuuliza maswali. Njo maana fundi anaweza kuwa bingwa wa Land Cruiser miaka 20 na asijue jambo hili. Si ujinga, hajakutana nalo. Na Toyota zinazotoka Japani, nyingine ziko nayo, nyingine hapana, hata za mwaka mmoja. Jaribio ni rahisi: funga kichwa cha ufunguo kwa karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, ujaribu kuwasha. Ikikataa, na ukitoa alumini ikakubali, basi iko na ulinzi. Fanya hivyo siku ya kununua, mbele ya mwenye kuuza. Na uombe ufunguo wa pili palepale, maana kwenye Toyota ni ufunguo mkubwa, ule unaoitwa masta, unaoweza kuandikisha ufunguo mwingine. Ukibaki na ule mdogo wa kuachia mlinzi wa maegesho, huwezi kuandikisha kitu. Kikundi chetu kina ufunguo mmoja tu. Wa pili ulibaki kwa aliyeuza.

Juzi nilienda kuangalia ile gari pamoja na fundi mwingine. Tulitazama kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitazama: taa ndogo ya ulinzi kwenye tablo. Ufunguo ukiwa nje, inamulika-mulika. Tukatia ufunguo, taa ikazima. Maana yake ufunguo umetambuliwa. Nani aliyeutambua? Siyo kompyuta mpya, maana haijui. Ni kisanduku kingine, cha ulinzi, kilichofichwa nyuma ya tablo, ambacho ni kile cha zamani na maji hayakukifikia. Basi ufunguo na kisanduku wanajuana. Ni kisanduku na kompyuta mpya ambao hawajuani, na injini inazima ndani ya sekunde moja. Kama taa ingeendelea kumulika na ufunguo ndani, habari ingekuwa nyingine.

Kwa Toyota zenye visanduku viwili hivyo, kiwanda chenyewe kimeweka njia ya kuvijulisha. Chini ya usukani kuna soketi ya uchunguzi yenye matundu 16. Unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa waya mfupi, unaweka kontakti bila kuwasha injini, unaacha dakika 30. Unazima, unatoa waya, unawasha. Kisanduku na kompyuta vinapeana namba ya pamoja. Haigharimu kitu, ila vitu viwili muwe navyo. Betri iwe na nguvu, maana dakika 30 za kontakti zinaila. Na macho yawe mazima: tundu la 16 ni umeme wa betri moja kwa moja, ukikosea ukaligusa na waya ule utaunguza kitu, na safari hii kweli.

Siahidi kwamba itafanya. Ikikataa, kuna hatua nyingine mbele ya ile ya kijana. Aliyetuuzia kompyuta Kigoma alifungua gari nzima. Aulizwe kama bado ana kisanduku na ufunguo wa gari ileile. Vikija vitatu pamoja, havihitaji kufundishwa. Chuma cha ufunguo hakitaingia kwenye tundu letu, lakini chembe inatolewa na kuwekwa kwenye kichwa cha ufunguo wetu. Ama ile kompyuta iliyooza: ndani yake kuna kipande cha kumbukumbu chenye miguu 8, na mara nyingine kimepona wakati vingine vimekufa. Fundi wa elektroniki mwenye mashini yake, Dar es Salaam ama Lubumbashi, anaweza kunakili kumbukumbu ile kwenye kompyuta mpya. Kwa hiyo ile ya zamani msiitupe, wala msimpe mtoto achezee.

Kutoa ulinzi kabisa ninakuweka mwisho. Siyo kwamba ni dhambi. Gari ya mtu mmoja inayolala ndani ya lupango lake, na hakuna njia nyingine, mimi ningekubali. Lakini gari hii ni ya kaya mingi, madereva wanabadilishana, inalala nje. Ukiitoa, chuma chochote kilichochongwa sokoni kinaiwasha, na chuma kile kinachongwa kwa dakika chache. Siku ikiibiwa tutaanza kutazamana sisi wenyewe: nani alikuwa na ufunguo, nani alienda kuuchonga. Nimeona chama kikivunjika kwa kitu kidogo kuliko hicho. Na kama mtaamua hivyo hata hivyo, basi iandikwe kwenye kitabu cha chama, iwekwe swichi ya siri na mnyororo wa usukani, na siku ya kuuza aambiwe anayenunua.

Mzee mmoja ameuliza hapa: je, yule fundi wa kwanza arudishe pesa? Papa, kwa kompyuta alisema kweli, hiyo msimdai. Kwa pampu na plagi, mumwite, mkae naye, kwa heshima, mumwambie arudishe pampu ya zamani kama ilikuwa nzima. Inaweza kuuzwa. Zaidi ya hapo ni komite.

Na kwa wanaotusaidia kutoka mbali: mkiona kwenye bajeti mstari wa "ufunguo wa pili", msiufute. Ni mstari mdogo kuliko pampu.

Naomba kura isubiri. Jumamosi saa 2 asubuhi tutakuwa chini ya mwembe na waya mmoja. Nani atatuazima betri nzuri?

Nyongeza ya komite: Siku ile ya Jumamosi betri ya kwanza iliisha kabla ya dakika 30 kutimia. Tuliazimwa nyingine, tukaanza upya, na gari iliwaka kidogo mbele ya saa 5, haikuzima. Kura haikupigwa. Ufunguo wa pili bado unatafutwa. Mwenye habari za aliyetuuzia gari amwone katibu.